Fungu la Ajaye

Watu wengi wanajua bei ya kilo ya mchele. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alijua bei ya kijiko kimoja. Alikuwa na mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, na upande wa ndani alikuwa ameukwaruza kwa msumari mistari minne. Mchele ulipimwa kwa mkebe huo, maharagwe kwa mkebe huo, unga wa uji kwa mkebe huo huo. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Kibaba, na wala hakuchukia.

"Waache waseme," aliniambia siku moja. "Haba na haba hujaza kibaba. Hao wanaonicheka ndio wanaokuja kuniazima chumvi tarehe ishirini."

Kazi yake ilikuwa ushonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, na alishona zaidi sare za shule. Jikoni alifanya mambo kama alivyoyafanya kwenye kitambaa: alikata akijua kipande kitakachobaki kitakwenda wapi. Maharagwe aliyaloweka tangu jana yake ili yaive kwa mkaa kidogo. Moto aliwasha mara moja tu kwa siku. Maharagwe yakitoka, wali unaingia. Wali ukitoka, maji ya kuoga yanapanda juu ya makaa yanayokufa. Nyanya alinunua jioni, wauzaji wanapofunga meza na hawataki kurudi na mzigo nyumbani. Iliyopondeka upande mmoja, yeye alipika upande wa pili. Mafuta aliyapima kwa kifuniko cha chupa.

Lakini bahili hakuwa. Bahili hujipendelea, na wifi alijipunja yeye kwanza. Asubuhi nyumba ile walikunywa uji, na chakula chao kikubwa kilikuwa saa tisa alasiri, watoto wakiwa wamerudi shule na kaka ametoka kiwandani. Alipakua sahani ya kila mtu, kisha akarudi kwenye cherehani, kwa kuwa saa hizo ndizo wateja walipita. Baadaye, vyombo vikishatulia, aliingia jikoni peke yake, akakwangua ukoko uliobaki chini ya sufuria na kuula akiwa amesimama. Ukimwuliza, jibu lilikuwa moja. "Mimi nilishiba wakati wa kuonja." Tuliisikia kauli hiyo kwa miaka mingi hata ikawa kama mlio wa cherehani yake. Ipo, lakini huisikii.

Mama yetu alihamia kwao magoti yalipomshinda kupanda ngazi za kwangu. Basi nyumba ikawa na watu watano: kaka, wifi, Mama, na watoto wawili. Mkubwa ni msichana wa miaka kumi na mitatu, ambaye sote tulimwita Dada. Mdogo alikuwa na miaka minane, na jina lake la utani ni Kifungo, kwa sababu akiwa mchanga alimeza kifungo cha koti la mteja, na mteja alisubiri koti lake siku mbili bila kuambiwa kwa nini.

Wanawake wawili na sufuria moja, hapo hapakosi neno. Mama alikuwa na desturi yake ambayo hakuna aliyeweza kumwachisha. Kabla hajala, alichota chakula kidogo kutoka sahani yake, akakirudisha kwenye sufuria, akakisukuma upande mmoja na kukilainisha kwa mgongo wa kijiko kama fundi anayepiga lipu ukuta. Kisha alisuuza sahani safi, akaifunika juu yake kichwa chini, na kulaza kijiko juu ya sahani, mpini ukielekea mlangoni. Hilo aliliita fungu la ajaye.

"Mama, huyo ajaye mbona haji?" wifi alimwuliza. "Mwaka wa pili huu tunamwekea."

"Atakuja."

"Na asipokuja?"

"Atakula ambaye hajala," Mama akasema. "Na mpini uelekee mlangoni, asipate shida ya kupapasa."

Wifi alinisimulia hayo kwa kicheko. Hakuchukia, ila kila siku lile fungu lilimkera kama uzi unaoning'inia.

Mama aliugua mwishoni mwa msimu wa joto. Alilala kitandani wiki tatu, na sote tulipokezana kumwuguza. Kifungo alimpepea. Dada alimlisha uji. Kaka alimgeuza ubavu. Mimi nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Alipofariki tulimzika, wageni wakaondoka, na mimi nikarudi kwangu, safari ya nusu siku.

Haukupita mwezi, kiwanda cha mbao alichofanyia kazi kaka kikapunguza siku za kazi kutoka sita hadi tatu. Wifi hakulalamika. Alichukua mkebe wake. Tangu zamani, watu watano walikula mchele wa kufika mstari wa nne. Sasa walikuwa wanne, na mshahara nusu. Akapima mpaka mstari wa tatu.

Siku hiyo alipakua mpaka akausikia upawa unakwaruza chini. Hilo aliniapia mara nyingi baadaye. Sufuriani hakikubaki kitu ila ukoko. Akaenda mbele kumpokea mteja aliyekuja kupunguziwa suruali. Watoto walikula kwenye ngazi za nyuma, kaka alikula chumbani. Wifi aliporudi jikoni, mwanga wa alasiri ulikuwa umejaa dirishani na nzi mmoja anazunguka. Sufuria ilikuwa pale pale juu ya meza. Ndani yake palikuwa na sahani iliyopinduliwa, na juu ya sahani kijiko, mpini ukielekea mlangoni.

Alisimama kidogo. Akainua sahani. Chini yake palikuwa na wali na maharagwe, vimesukumwa upande mmoja na kulainishwa.

"Dada," aliita. "Umeacha chakula?"

"Hapana, mama. Nimemaliza." Na kweli, sahani ya mtoto ilikuwa nyeupe.

Alimwuliza Kifungo, naye akasema amemaliza. Alimwuliza kaka.

"Nimekula nikashiba," kaka akasema, bila kumtazama.

Wifi akajiambia kwamba ni mtoto mmojawapo anamkumbuka bibi yake, na mtoto anayeomboleza huachwa. Chakula kile hakukila. Alikihifadhi, na asubuhi akawapashia watoto badala ya uji. Unga wa siku moja ukaokoka.

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Na kesho kutwa.

Fundi akiona kitambaa kinabaki kila siku, anajua kipimo ni kikubwa. Wiki iliyofuata wifi alipima mchele nusu ya njia kati ya mstari wa tatu na wa pili. Alasiri akakuta fungu, sahani juu, kijiko juu ya sahani. Akashuka mpaka mstari wa pili. Fungu likawepo. Dogo kidogo, lakini lilikuwepo.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa jikoni kwake mwenyewe. Hakuogopa gizani; gizani, alisema, hapakuwa na kitu. Aliogopa saa tisa na nusu, jua likiwaka, mtaa umejaa sauti za watu. Siku moja alipakua, kisha akapaka chaki yake ya kushonea kwenye ukingo wa kila sahani iliyobaki kabatini, ajue ipi itaguswa na nani. Akasimama mlangoni na kukodoa macho. Mteja akaita, "Hodi fundi," akageuka kumjibu, akazungumza naye kuhusu zipu. Aliporudi, sufuria ilikuwa imefunikwa. Sahani ilikuwa na matone ya maji, imesuuzwa, na chaki haikuwepo. Vidole vya watoto havikuwa na chaki. Vya kaka pia.

Siku nyingine alisikia, akiwa kwenye cherehani, kijiko kinagusa bati la sufuria: ti, ti, ti, taratibu, kama mtu anayepiga lipu. Aliondoa mguu kwenye pedali. Sauti ikaendelea kidogo, kisha ikakoma. Hakuinuka. Aliniambia kwamba hakuinuka kwa sababu hakutaka kujua, na pia kwa sababu, Mungu amsamehe, unga wa mwezi mzima ulikuwa bado haujafunguliwa.

"Nilianza kuzoea, wifi," alisema. "Ndilo jambo linalonitisha zaidi. Nilianza kupanga bajeti nikimhesabu marehemu."

Akashuka chini ya mstari wa pili.

Mtu pekee aliyemwambia ni jirani yake, mwanamke muuza mkaa. Huyu alikuwa na magunia yake pembeni mwa uwanja wao, mtu wa mizaha mingi, uso mweusi kwa vumbi la kazi na meno meupe. Wifi alitegemea atamcheka. Muuza mkaa alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Ile sufuria inatoa," alisema.

"Ndiyo."

"Kila kinachotoa kina mahali kinakotoa. Mimi mkaa wangu unatoka kwenye mti. Mti ukiisha, hakuna mkaa. Wewe umeangalia chakula hicho kinatoka wapi?"

"Kinatoka sufuriani."

"Hapana, mama. Sufuriani kinaingia. Nakuuliza kinatoka wapi."

Wifi alirudi ndani na neno hilo likakaa kifuani mwake kama mfupa wa samaki. Siku tatu baadaye muhula mpya ulikaribia, na Dada alihitaji sketi mpya ya shule. Wifi alikuwa na daftari la vipimo vya watu wote, wateja na wa nyumbani pia. Alimsimamisha mtoto karibu na dirisha, akapitisha tepu kiunoni, akasoma. Akafungua daftari. Akapitisha tepu tena.

Mtoto alikuwa ameongezeka urefu wa vidole viwili tangu mwaka jana. Kiuno kilikuwa kimepungua vidole vitatu.

"Vuta pumzi," wifi alisema.

"Nimevuta, mama."

"Basi toa."

Ilikuwa ile ile. Akamwita Kifungo, akamwambia anataka kumshonea shati. Mabega ya mtoto yalikuwa chini ya kipimo cha mwaka jana, na alipomgusa mgongoni alihesabu mifupa bila kutaka. Kaka aliporudi, wifi alimwambia suruali yake ya kazi imelegea, asimame ampime. Kaka alisimama mikono juu kama mtu anayepekuliwa. Tepu ilizunguka kiuno chake na ncha ikapita mahali ambapo haikuwahi kupita.

Wifi alikaa kwenye kiti cha cherehani na tepu shingoni. Fikra iliyomjia, aliniambia, haikuwa ya mtu mwenye akili timamu, lakini ilikuja imekamilika kama nguo iliyoshonwa. Sufuria ilikuwa inatoa kwao. Kila alasiri ilichukua nyama kidogo kutoka miilini mwa watu wake, ikaigeuza wali, ikaulainisha kwa mgongo wa kijiko na kumwekea yeye. Na yeye kila wiki alishusha kipimo, na kuiambia: endelea.

Ndipo aliponipigia simu.

"Wifi, njoo," alisema. "Mama yako hajaondoka."

Nilifika siku ya pili, kabla ya saa sita. Nilipomwona mlangoni nilidhani ni mgonjwa. Kitambaa alichojifunga kichwani kilionekana kikubwa kuliko uso. Alinishika mkono, akanipeleka jikoni, akanionyesha mkebe. Mchele ulikuwa umefika mahali ambapo hapakuwa na mstari.

"Hicho ni cha kuku?" nikauliza.

"Cha watu wanne. Leo watano, na wewe." Kisha akanisimulia yote, akinong'ona, huku akichagua mawe kwenye maharagwe. Sikumcheka. Alipofikia mpini wa kijiko kuelekea mlangoni, nywele zangu zilisimama, maana jambo hilo Mama alilifanya tangu sisi watoto, na mbele ya wageni hakulisema kamwe.

"Leo tutaangalia wawili," nilimwambia. "Wewe una macho mawili, na wateja wengi. Mimi sina mteja."

Jiko lao lilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja la wavu, linaloangalia uwanja wa nyuma. Uwanjani wifi alikuwa ameanika mashuka. Saa tisa alipakua. Upawa ulikwaruza chini kabisa. Kila mtu alipata kiasi ambacho kwangu ningekiita cha kuonjea. Wifi alisema kwa sauti kwamba anatoka kidogo na shangazi yao kwa muuza mkaa, tukapita mlango wa mbele, tukazunguka nyumba kwa upande wasiouona watoto, na kusimama nyuma ya mashuka. Upepo ulikuwa mdogo. Shuka lilinigusa usoni na kurudi, likanigusa na kurudi, kama kitu kinachopumua. Mkono wa wifi ulikuwa baridi ndani ya mkono wangu, jua lote lile.

Wa kwanza kuingia jikoni alikuwa Kifungo. Alikuja na sahani yake akiibeba kwa mikono miwili. Alisimama kwenye vidole, akatia vijiko viwili vya chakula sufuriani, akalamba kijiko, akafikiri kidogo, akatia cha tatu. Akaondoka mbio.

Wifi alitaka kusema. Nilimziba mdomo kwa kiganja.

Dada akaingia. Hakufanya haraka. Aligawa chakula chake katikati kwa kijiko, mstari ulionyooka kama wa mamake kwenye kitambaa, akasukuma nusu ndani ya sufuria.

Tulidhani yamekwisha. Kisha kaka yangu akatokea mlangoni, mtu mzima, akiangalia nyuma kama mwizi wa kuku katika nyumba yake mwenyewe. Sahani yake ilikuwa imeguswa pembeni tu. Akaimimina karibu yote.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyefunika sufuria.

Wifi aliniachia mkono, akapita katikati ya mashuka bila kuyashika. Nilimfuata kwa kuzunguka mbele. Aliwaita wote watatu, wakaja chumba cha mbele wakasimama karibu na cherehani, kila mmoja akidhani ameitwa kwa kosa la mwingine.

"Nimewaona," alisema. "Tangu lini?"

Walitazamana. Wa kwanza kusema alikuwa Kifungo, kwa kuwa siri kwa mtoto ni kama maji kwenye ungo.

"Bibi alisema nisimwambie mtu. Nilipokuwa nampepea. Alisema, mama yako hali. Anakula ukoko, amesimama. Ukishiba nusu, mrudishie."

"Aliniambia mimi," Dada akasema, akimgeukia nduguye. Alionekana kuumia kidogo, kama aliyeibiwa. "Aliniambia mimi peke yangu. Nilikuwa namlisha uji."

Kaka alikuwa anatazama sakafu. "Siku ile niliyomgeuza ubavu," alisema, "Mama alinishika shati. Akasema, mke wako anawalisha wote, na yeye unamlisha lini? Nikamfunika shuka, nikatoka. Kisha kazi ikapungua. Nilidhani wewe ndiye unayekila, mke wangu. Kila siku naona sufuria tupu, nafurahi. Nikasema, angalau yeye anakula."

"Sikukila," wifi alisema. "Niliwapa watoto asubuhi. Na kila nilipoona kimebaki, nilipunguza mchele."

Hakuna aliyelia. Wifi alikaa chini, hapo hapo sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto, na mkono wake ukawa unapapasa mifupa ya mguu wa Kifungo, juu na chini, kana kwamba anatafuta mahali pa kushona. "Mlikuwa mnanipa mimi," alisema. "Na mimi nilikuwa nawakata ninyi." Alirudia mara mbili tatu. Kaka akachuchumaa karibu yake, akashindwa la kufanya na mikono yake.

Mimi niliyetoka mbali ndiye niliyeuliza. Labda ningenyamaza, mambo yangeisha vizuri zaidi.

"Na nani huwa anafunika?"

"Kufunika nini, shangazi?" Dada aliuliza.

"Sufuria. Sahani juu, na kijiko."

"Mama ndiye anayefunika," alisema Dada.

"Mimi nilidhani Dada," Kifungo akasema.

Kaka alitikisa kichwa. Alisema yeye humimina na kukimbia; hajawahi kushika sahani nyingine zaidi ya yake.

Tulikuwa watano mle chumbani. Nilituhesabu, na nikaona wifi naye anahesabu. Mlango wa kwenda jikoni ulikuwa wazi, na tangu tuingie hakuna aliyepita hapo. Kutoka huko ilitoka harufu ya kawaida, ya maharagwe na mkaa unaozima. Hakuna aliyetaka kutangulia. Mwishowe tulikwenda wote pamoja, tumesongamana kama watu wanaojikinga mvua chini ya mwavuli mmoja, Kifungo ameshika sketi yangu.

Sufuria ilikuwa mezani. Sahani ilikuwa imepinduliwa juu ya chakula, ina matone ya maji yanayoteremka bado. Kijiko kililala juu yake. Mpini ulielekea mlangoni, kwetu.

Kaka alisema, taratibu, "Mama."

Hakuna kilichojibu. Uwanjani mtu alikuwa anatwanga kitu. Tone moja lilifika ukingoni mwa sahani, likaanguka.

Sijui tungesimama pale kwa muda gani kama si Dada. Alipita mbele yetu, akainua sahani, akachukua kijiko, akavuta kigoda. "Mama, kaa," alisema.

"Siwezi, mwanangu."

"Kaa ule. Si chako?"

Wifi alikaa. Alikula akiwa amekaa, sisi wanne tumesimama tukimtazama kama watu waliokuja kuona ajabu. Kijiko cha kwanza kilimkwama, akanywa maji. Baada ya hapo alikula haraka, kwa njaa ambayo nadhani hata yeye hakujua anayo, akikwangua, akilamba, machozi yakimtoka sasa bila sauti. Alimaliza mpaka bati likaonekana. Kisha kaka alitoka akanunua mkate na mayai kwa muuza duka, kwa mkopo, jambo ambalo wifi hakuwahi kuliruhusu, na tulikula wote mezani saa kumi na moja.

Nilikaa kwao wiki mbili. Nilimlazimisha wifi kuwapeleka watoto zahanati wapimwe, na nesi alimsema maneno makali ambayo aliyapokea ameinamisha kichwa. Kubana matumizi hakukuisha, maana mshahara ulikuwa bado ni nusu. Ila sasa walibana wakiwa wamekaa pamoja. Tulipanga na muuza mkaa wanunue mchele na maharagwe kwa gunia na kugawana. Tuliongeza mafuta na karanga kwenye uji. Dada akapewa kazi ya kupakua, na sharti la kwanza ni kwamba sahani ya mama inajazwa kwanza, na hainuki mtu mpaka wote wamalize. Wifi aliona haya siku za mwanzo. Alikuwa hajui kula watu wakimwangalia. Alishika kijiko kama mgeni.

Dada alirudisha mwili haraka, kama wasichana wa umri ule. Kifungo alichelewa. Hata leo ni mfupi kuliko wenzake wote darasani, na wifi hawezi kumtazama akiwa amesimama katikati yao kwenye picha ya shule. Kaka baadaye alipata kazi kwa seremala, siku sita. Nyumba ikatulia.

Siku ya kuondoka kwangu alinisindikiza mpaka barabarani. Tulisubiri gari muda mrefu, mimi na yeye na mfuko wangu.

"Wifi," alisema, "tangu siku ile hakuna kinachobaki. Naenda nakuta sufuria tupu."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo." Alisogeza jiwe kwa ncha ya kiatu. "Ila nauliza. Yule alikuwa anafunika ili nile. Alikuwa anaona wajukuu wake wanavyokonda, alasiri baada ya alasiri, na bado anafunika. Kwa nini hakuwaambia waache?"

Nilimjua mama yangu miaka arobaini na mbili. Alikuwa mwema, na akishika neno halimtoki. Nilitafuta jibu la kumfariji wifi, gari likatokea, nikainua mfuko wangu.

"Sijui," nilimwambia. Nikapanda.